Kura ya Watasema

Msimu wa kampeni umepita. Mabango bado yananing'inia kwenye miti ya njia ya kwenda kafeteria, na wagombea waliokuwa wanatusalimia kwa majina wameanza kutusahau taratibu. Kila chumba cha hosteli kina mchambuzi wake wa kueleza kwa nini fulani kapita na fulani kaanguka. Sina ugomvi na matokeo. Wengi wape, mchezo umekwisha. Ila tangu likizo ndefu nimekuwa nikiwaza juu ya aina nyingine ya kura, isiyohesabiwa kwa wingi, na mpiga kura wake ana miguu minne na sikio moja lililochanika. Jina lake Watasema.

Watasema ni mbwa wa babu yangu mzaa mama. Nyumbani ni Katavi, upande wa Ugalla. Najua baadhi yenu mkisikia Mpanda mnauliza kama huko kuna mtandao. Upo, ukipanda juu ya kichuguu na kunyoosha mkono.

Kwa wasiopafahamu: Ugalla ni jina la mto, na ni jina la nchi inayouzunguka. Mto huo unaingia Malagarasi, na Malagarasi unamwaga maji yake Ziwa Tanganyika. Treni ya Mpanda, ile inayochepuka kutoka reli ya kati pale Kaliua, inauvuka. Sisi wa basi tunapita Sikonge na Inyonga. Magharibi ya mto ardhi inainuka kuwa vilima, miteremko mikali na makorongo yenye mianzi, na karibu kote ni msitu wa miombo. Mvua zinaanza kama Novemba, zinakoma Aprili au Mei, halafu unakuja ukavu mrefu. Ni pakavu kiasi kwamba sokwe wa Ugalla wamekuwa maarufu kwa watafiti, maana sokwe wengi wa Afrika wanaishi kwenye misitu minene yenye mvua kuliko huu. Mwaka 2007 watafiti waliandika kwamba sokwe wetu huchimba mizizi ardhini kwa vijiti. Humo humo kuna simba, chui, nyati, fisi na nyoka. Na nyuki.

Nyuki ndio wanaotupeleka huko. Babu ana mizinga kwenye msitu wa kijiji, mingine ya magogo na mingine ya masanduku. Ya magome aliacha zamani, kwa sababu kumvua mti gome lake lote ni kuuua, na mti ukifa nyuki anakula nini? Wajomba wangu walipohamia mjini kutafuta maisha, Babu alibaki na mbwa wawili, na kila likizo anabaki na mimi. Mimi ndiye ninayepanda miti sasa. Yeye anakaa chini na kunielekeza, na kama kawaida ya wazee, anaelekeza hata nisipouliza.

Jina la Watasema lina historia. Mwaka nilioingia kidato cha kwanza, Babu aliuza mbuzi watatu aninunulie sare, godoro, ndoo na sanduku. Ada ya sekondari ilikuwa imeshafutwa, lakini godoro halikufutwa. Maneno yakaanza: mtoto wa kike huyo, atarudi na mimba, mbuzi wa watu wameenda bure. Wiki hiyo hiyo akapewa mtoto wa mbwa. Akamwita Watasema, ili kila jioni akimwita kwa sauti, waliosema wasikie. Sasa mbwa ana miaka minane na mimi niko mwaka wa tatu, nasomea ualimu. Mbwa wa pili anaitwa Subira. Ni jike, kijana, na subira yenyewe hana hata chembe.

Kazi yao si kuwinda. Babu hawindi, na Subira akimkimbilia funo anaitwa kwa mluzi mmoja mkali mpaka arudi ameinamisha kichwa. Kazi yao ni kusikia kabla yetu na kunusa kabla yetu. Pua ya mbwa inaweza kuwa na vipokezi vya harufu hadi milioni 300. Sisi tuna kama milioni 6. Na wana kazi moja zaidi ambayo Babu huitaja huku akicheka, ingawa si ya kuchekesha: siku akianguka peke yake huko juu, mmoja akae naye na mwingine arudi nyumbani bila yeye, watu wajue.

Tukitoka tuko wanne, na Babu ana sheria moja. Kila mmoja ana kura, na kura moja ya hapana inatosha kuturudisha sote. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni utani. Siku moja nilimuuliza kwa nini hapana moja izidi ndiyo tatu. Akasema anayesema twende anaweza kuwa na njaa ya pesa, au anaona aibu kurudi mikono mitupu, au amechoka tu na anataka yaishe. Anayesema hapana mara nyingi ana sababu, hata kama hana maneno ya kuieleza.

Mwaka jana mwenzangu wa chumba alituonyesha video ya watu wa milima ya Alps huko Ulaya. Wamevaa mbao ndefu miguuni, wanapanda mlima wa theluji kwa nguvu zao wenyewe saa nzima, saa mbili, saa tatu, na mbwa anawafuata nyuma kwenye njia yao. Wakifika juu wanateleza chini kwa dakika chache, mbwa anakimbia mbio huku theluji ikimfika tumboni. Chumba kizima kilicheka. Kutwa kupanda, halafu kushuka kufumba na kufumbua! Wazungu bwana. Mimi nilikuwa namtazama yule mbwa, jinsi anavyosimama kila baada ya muda na kugeuka kuhesabu watu wake. Watasema anafanya vile vile.

Baadaye nikasoma kidogo habari zao. Kinachowaua sana huko ni poromoko la theluji. Tabaka la juu linaonekana zima, kumbe chini limeachana na lenzake, na uzito wa mtu mmoja unaweza kuliangusha lote. Uswisi wana mbwa waliofundishwa kutafuta waliofukiwa. Na vikundi makini vinafuata sheria ile ile ya Babu: mmoja akisema hapana, wote wanageuza. Wana na shida ile ile pia. Ukigeuza, mlima haukupi cheti. Hutajua kamwe kama ungeporomoka au ungekaa kimya ukushushe salama.

Hapo ndipo nataka tufike, kwa hiyo acha niwapeleke kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa Julai. Tuliondoka saa kumi alfajiri, na baridi ya Julai kwetu si ya kuchezea. Tulibeba madumu mawili ya maji, ndoo, kamba, panga, bomba la moshi, matobolwa kwenye mfuko na bonge la ugali wa dona kwa ajili ya mbwa. Kuondoka mapema ni kwa faida ya mbwa kuliko yetu. Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama mtu, anapoza mwili kwa kuhema. Miezi hiyo moto unakuwa umeshapita sehemu nyingi za msitu, ardhi ni nyeusi, na jua likishapanda inaunguza nyayo. Tena jua likipanda mbung'o nao wanaamka. Ukitaka mbwa arudi nyumbani mzima, maliza kazi kabla ya saa sita.

Watasema alitangulia kama hatua thelathini mbele, Babu akafuata, mimi nyuma ya Babu, na Subira kila mahali. Kulipopambazuka tulikutana na vijana wa Kisukuma wakiswaga ng'ombe. Wakatuamkia, "Mwangaluka!" Babu akaitikia na kuwauliza habari za njia. Wakasema shwari, hawajaona kitu. Mbwa wote wawili walikaa chini pembeni mpaka ng'ombe wa mwisho akapita, bila kuambiwa.

Saa moja na nusu tulikuwa kwenye mizinga ya chini, sita, kwenye miti ya mininga na mitundu iliyo mguuni mwa mlima. Mlembe alikuwa anapiga kelele juu yetu, yule ndege anayewaonyesha watu asali, utadhani mizinga ile ameitengeneza yeye. Nilipanda, nikapuliza moshi, nikakata masega nikaacha ya watoto na chakula chao, nikashusha kwa kamba. Tulipata ndoo moja na nusu. Tukamwachia mlembe kipande cha sega kwenye jiwe, maana deni la ndege halikopwi mara mbili. Ndoo tukaziinua juu ya mti tuzipitie wakati wa kurudi.

Asali hiyo ilikuwa ya nyumbani: dawa za presha za Bibi, mbegu, mbolea. Yangu ilikuwa juu. Kuna mizinga tisa kwenye mgongo wa mlima ambayo kila mwaka inajaa kuliko ya chini, na makubaliano yetu tangu niingie chuo ni kwamba ile tisa ni ya shule. Mnaojua bumu mnajua. Linakuja, linasalimia, linaondoka. Mkopo wangu haufuniki ada yote, na nilikuwa nadaiwa laki tatu na themanini ambazo bila kuzilipa nisingesajiliwa muhula mpya. Ndoo mbili za mlimani zingemaliza deni na chenji ingebaki ya nauli.

Ili ufike mgongoni unavuka korongo moja. Wakati wa masika lina maji. Julai ni mchanga mtupu, mianzi imefunga pande zote mbili, na njia ni moja tu iliyopenya katikati. Tulifika hapo kama saa tatu na nusu. Upepo ulikuwa unashuka kutoka juu kutujia usoni.

Watasema alisimama ukingoni. Hakubweka. Hakusimamisha manyoya. Alinusa mara mbili, akageuka akamtazama Babu, kisha akakaa chini, kitako kabisa, kama mtu aliyefika mwisho wa safari yake. Subira alimpita, akaingia kwenye mchanga hatua tano au sita, akasimama mguu mmoja juu, akarudi polepole na kulala nyuma ya mwenzake.

Babu alitua mzigo. Akatoa ugoro, akavuta kidogo, akasubiri. Tulikaa hapo kimya kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa nasikiliza kwa masikio yote niliyonayo: njiwa, upepo kwenye mianzi, mbung'o mmoja. Basi.

"Tunarudi," Babu akasema.

"Babu, miti yenyewe naiona kutoka hapa."

"Hata mimi naiona."

"Inawezekana ni nguruwe pori tu. Au ni nyoka, tukapige kelele aondoke."

"Inawezekana, mwalimu." Siku hizi ananiita mwalimu, kwa utani na kwa majivuno, vyote pamoja. "Tena inawezekana hakuna kitu kabisa. Lakini mwenzetu kasema hapana."

"Na ada yangu?"

Alinyamaza kidogo, akafunga kopo la ugoro. "Ada tutaitafuta. Wewe sitapata pa kukutafutia."

Tukarudi. Tulipitia ndoo zetu, tukafika nyumbani kabla ya saa nane, mbwa wakanywa maji mpaka matumbo yakavimba. Hakuna aliyefukuzwa na simba. Hakuna habari iliyotufikia jioni kwamba chui ameonekana au nyati aliyejeruhiwa amemkanyaga mtu. Kama mlikuwa mnasubiri sehemu hiyo ya hadithi, haipo. Siku nne baadaye nilikwenda tena na Babu na mjomba wangu mmoja aliyekuja kutusalimia, pamoja na mbwa wote wawili. Watasema alilivuka korongo bila hata kupunguza mwendo. Kwenye mchanga kulikuwa na nyayo juu ya nyayo: ng'ombe, ngiri, fisi, na nyingine zilizofutwa na kwato. Huwezi kusoma kitu hapo.

Juu mlimani nyegere alikuwa ametangulia. Mizinga miwili ilikuwa chini imepasuliwa, masega yameliwa na mengine yamesagwa na mchanga, na mmoja ulikuwa umehamwa na nyuki wote. Anayemjua nyegere anajua hana haraka na hana aibu. Hatukuweza kusema ni usiku upi alikuja. Labda alikuja kabla ya siku ile ya kwanza, labda baada yake. Tulishuka na ndoo moja badala ya mbili. Agosti na Septemba nikafundisha twisheni Mpanda mjini, hesabu na Kiswahili kwa watoto wa kidato cha pili, asubuhi na jioni, kwa sababu deni halijui habari za makorongo. Nililipa. Nilisajiliwa siku ya mwisho.

Kwa hiyo kura ya Watasema iliniondolea, tuseme, ndoo moja na usingizi wa miezi miwili. Nilipata nini? Sijui, na hapo ndipo ugumu ulipo. Kama tungevuka tukakutana na simba, leo ningekuwa na hadithi nzuri ya mbwa shujaa, au ndugu zangu wangekuwa nayo. Kama tungevuka na kukuta mianzi mitupu, ningekuwa na laki mbili. Tulichopata ni siku ya kawaida. Siku ya kawaida haina ushahidi wowote kwamba imeokolewa.

Muhula ulipoanza, swali lilinifuata mpaka darasani. Kwenye kozi ya saikolojia ya elimu tulifundishwa habari za farasi mmoja wa Berlin aliyeitwa Hans, na wenzangu wa kitivo wanamkumbuka maana aliletwa mpaka kwenye mtihani. Bwana wake, mwalimu wa hesabu Wilhelm von Osten, alimfundisha kujibu maswali: ukimuuliza jumla ya namba anagonga kwato mpaka afike jibu sahihi. Watu walimiminika kumtazama. Mwaka 1907 Oskar Pfungst akachapisha uchunguzi wake: kama muulizaji mwenyewe hajui jibu, Hans naye hajui. Farasi hakuwa anahesabu. Alikuwa anasoma mwili wa muulizaji, namna kichwa kinavyotikisika kidogo sana pale jibu linapofikiwa, na muulizaji mwenyewe hana habari kwamba ametikisika.

Nikaacha kuandika notsi. Babu ana miaka sabini na kitu. Wiki ile alikuwa analalamika goti. Inawezekana kabisa Watasema hakunusa kitu pale korongoni. Inawezekana alisoma mwendo wa Babu, pumzi yake, mkono uliokaza panga, akajibu swali ambalo Babu alikuwa analiuliza bila kujua. Yaani kura ilikuwa ya Babu, imepitishwa kwenye mwili wa mbwa.

Jumapili nikampigia. Ilibidi apande kichuguu, kwa hiyo nilimsikia kwanza akihema. Nikamsimulia habari yote ya Hans, na mashaka yangu nikamwambia, kwa adabu.

"Kwa hiyo unasema Watasema alisoma woga wangu."

"Inawezekana, Babu."

"Basi kanisaidia," akasema. "Mimi mwenyewe sikuwa nimeuona."

Nimelizungusha jibu hilo kichwani kwa miezi sasa. Naamini lina kitu kwa sisi tunaojiandaa kusimama mbele ya watoto. Shule yetu inapima majibu yanayoweza kusahihishwa. Hilo si baya. Bila hilo hatuna hesabu wala hatuna madaktari. Ila mtoto anaweza kumaliza miaka kumi na tatu ya shule bila kufundishwa hata mara moja jinsi ya kuamua pale ambapo jibu halitasahihishwa kamwe. Uvuke korongo au usivuke? Uingie mtumbwini ziwa likiwa limechafuka au usubiri kesho? Upande bodaboda ya kijana anayenuka pombe kwa sababu umechelewa pepa, au ukose pepa? Anayerudi salama haonyeshi kitu. Kwa hiyo darasani hatuna namna ya kumpa alama.

Machi 1967 Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea, alilalamika kwamba shule zilikuwa zinawafundisha vijana kuwadharau hata wazazi wao kwa kuwaona wajinga waliopitwa na wakati. Watu wa mwaka wangu tunakijibia maswali kitabu hicho, tunaorodhesha hoja tano, tunapata alama. Sisemi Babu anajua kuliko Pfungst. Ninachoona ni kwamba Pfungst na Babu walikuwa wanachunguza jambo moja, kila mmoja kwa upande wake: mnyama anatusoma kuliko tunavyojisoma. Pfungst alilitumia kuonyesha kwamba farasi hajui hesabu. Babu analitumia kuamua safari. Mwanafunzi wa Ugalla anastahili kufundishwa yote mawili, tena na mwalimu ambaye haoni haya kutaja mbwa darasani.

Sasa upande wa pili wa kura, maana ukimpa mtu kura umempa na haki. Mbwa wa kijijini kwetu wanafanya kazi ya hatari na malipo yao ni ugali. Babu ameshazika mbwa watatu kwa ugonjwa wa mbung'o. Macho yanaanza kuwa na ukungu mweupe kama maji ya kuoshea mchele, mbwa anakonda huku anakula, halafu haamki. Mbung'o hao hao ndio wanaoleta malale kwa watu, ugonjwa uliowafanya wakoloni wa Kiingereza miaka ya 1920 na 1930 wahamishe watu wa magharibi ya Tanganyika na kuwakusanya kwenye makazi maalumu. Msitu wa kwetu umebaki msitu kwa sehemu kubwa kwa ajili ya inzi huyo.

Halafu kuna kichaa cha mbwa. Duniani kinakadiriwa kuua watu kama 59,000 kila mwaka, na karibu wote wameambukizwa na mbwa. Dalili zikishaanza, kupona ni nadra mno. Lakini kinazuilika kabisa: mbwa wakichanjwa asilimia 70 mahali fulani, ugonjwa unakosa pa kupita. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo akachomwe sindano. Asisubiri kuona kama mbwa ataugua. Babu huwapeleka wake kwa bwana mifugo kila mwaka akiwa amewafunga kamba ya katani, na njia nzima Subira anapiga kelele kama anapelekwa kunyongwa.

Chanjo hiyo si kwa ajili yetu peke yetu. Mwaka 1994 virusi vya distempa, ugonjwa wa mbwa, viliingia kwa simba wa Serengeti na kuua kama theluthi moja yao, simba wapatao 1,000. Ugonjwa ulihusishwa na mbwa wa vijiji vya jirani. Ugalla tuna mbwa mwitu, wanyama walio hatarini Afrika nzima, na wanakunywa kwenye mabwawa yale yale. Tangu 2019 sehemu ya iliyokuwa Pori la Akiba Ugalla imekuwa Hifadhi ya Taifa Mto Ugalla, na mbwa wa kufugwa haruhusiwi hifadhini. Babu anauheshimu mpaka huo. Mizinga yake iko nje, na mbwa wake hawavuki. Wapo wazee wanaonung'unika kwamba mpaka umewakuta wao, hawakuufuata. Nawaelewa. Lakini nikiwaza Serengeti, naona kwamba pale mpakani msitu nao una kura yake ya hapana.

Wengi wetu wa ualimu tutapangiwa fildi vijijini, baadhi yenu Katavi, Tabora na Kigoma. Mkifika, waulizeni watoto majina ya mbwa wao na sababu za majina hayo. Mtajua siri zote za mtaa ndani ya kipindi kimoja. Kisha waulizeni mbwa wangapi wamechanjwa mwaka huu, mwandike ubaoni kama hesabu ya asilimia, mwone kama mnafika 70. Tarehe 28 Septemba ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, na sehemu nyingi halmashauri huchanja mbwa kipindi hicho. Somo la hisabati, somo la sayansi, na huenda mkamwokoa mtoto mmoja.

Watasema sasa anazeeka. Babu ameniambia safari za mlimani ataanza kumwacha nyumbani masika yakiisha, maana miguu ya nyuma inakataa mawe. Nikamuuliza nani atapiga kura badala yake. Akasema Subira bado ni mwanafunzi, kwanza ajifunze kukaa chini.